Kizazi kikitolewa, je, ovari nazo ziondolewe?

WAPO wanawake ambao huingia chumba cha upasuaji wakijua kuwa wanakwenda kutolewa kizazi, wakatoka humo wakiwa wametolewa pia ovari zote mbili, na wasilitambue hilo hadi siku au wiki kadhaa baadaye, pale joto la ghafla linapowapanda usoni na usingizi ukawapotea.

Haimaanishi kwamba walifichwa. Mara nyingi maelezo yalitolewa na fomu ikasainiwa, lakini yalipita upesi kwa sababu mgonjwa, ndugu zake na hata mtaalamu mwenyewe walikuwa wakifikiria jambo lililoonekana kubwa zaidi, nalo ni kizazi.

Makala haya yanahusu uamuzi ule wa pili, ambao kwa mwanamke mwenye miaka 40 na kitu una uzito usiopungua wa kwanza.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 46 anayeuza mboga Maili Moja, mjini Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro. Ana watoto wanne na hatarajii mwingine. Kwa mwaka mzima sasa hedhi yake imekuwa ikitoka kwa mabonge na kumchukua siku tisa au kumi, hata wekundu wa damu umeshuka na kupanda ngazi kunamtoa pumzi. Kipimo cha altrasaundi kimeonyesha uvimbe wa fibroidi, na kizazi kimefikia ukubwa wa mimba ya wiki 16. Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake anapendekeza kitolewe.

Mama huyu ni wa kubuni, lakini hali yake si ya kubuni. Fibroidi ni miongoni mwa sababu kuu za wanawake wa umri huo kutolewa kizazi, na huwasumbua zaidi wanawake weusi. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2003 ulikadiria kwamba wanawake weusi zaidi ya asilimia 80 huwa wamepata uvimbe huo wafikapo miaka 50, ingawa wengi wao hawaugui kwa sababu yake.

Kabla ya kusaini, mama huyo anapaswa kwanza kuuliza kama ipo njia nyingine: dawa za kupunguza damu, kitanzi chenye homoni, kutolewa uvimbe peke yake na kuacha kizazi, au kusubiri, kwa kuwa fibroidi kwa kawaida husinyaa baada ya hedhi kukoma. Hayo yanahitaji makala yake. Hapa tuchukulie kuwa njia hizo zimepimwa na upasuaji umeamuliwa.

Neno moja, viungo vingi

Sehemu ya tatizo imo katika lugha. Katika mazungumzo ya kila siku neno kizazi hubeba kila kitu: mfuko wa mimba, mirija, ovari, hata uwezo wenyewe wa kuzaa. Mtu akisema "fulani katolewa kizazi", msikilizaji hawezi kujua ni viungo gani vilivyoondolewa, na pengine hata fulani mwenyewe hajui.

Kwa daktari mambo hayo ni tofauti. Kizazi, au mfuko wa uzazi, ni kiungo cha msuli ambamo mimba hukaa na ambamo damu ya hedhi hutoka. Ovari ni viungo viwili vidogo, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa korosho iliyobanguliwa au kuzidi kidogo, vilivyo kushoto na kulia kwa kizazi. Kati yake na kizazi ipo mirija ya uzazi.

Kizazi hakitengenezi hedhi kwa amri yake. Amri hutoka kwenye ovari, zinazopevusha mayai na kumwaga homoni za estrojeni na projesteroni katika damu. Zaidi ya hayo, ovari hutoa homoni za jamii ya androjeni, na huendelea kutoa kiasi fulani cha hizo hata baada ya hedhi kukoma. Kwa hiyo si kweli kwamba mwanamke akishamaliza kuzaa ovari zake huwa hazina kazi.

Estrojeni hiyo ndiyo inayosaidia kulinda mifupa isipungue uzito, mishipa ya damu ibaki laini, na njia ya uke isikauke.

Hapa ndipo mama wa Maili Moja anapohitaji kuelewa vyema. Ugonjwa wake umo ndani ya kizazi. Ovari zake, kwa kadiri altrasaundi inavyoonyesha, ni nzima. Zikiondolewa, zitakuwa zimeondolewa kwa ajili ya ugonjwa ambao hana, kwa hofu kwamba siku moja anaweza kuupata.

Hofu ya saratani

Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Saratani ya ovari hujificha. Haina kipimo cha uchunguzi wa mapema kinachoaminika kama vilivyopo vya saratani ya shingo ya kizazi, na wagonjwa wengi hugundulika ikiwa imeshasambaa tumboni. Kwa miongo mingi madaktari wapasuaji katika nchi nyingi walikuwa na hoja rahisi: maadamu tumbo limeshafunguliwa na mama anakaribia kukoma hedhi, tuondoe na ovari, tumwondolee hatari hiyo moja kwa moja.

Historia ina sura mbaya zaidi ya hiyo. Mwaka 1872 daktari Mmarekani Robert Battey alianza kuondoa ovari zenye afya kwa ajili ya maumivu na maradhi ya neva, na mtindo huo ukaenea Ulaya na Marekani kwa miaka kadhaa kabla ya kuachwa. Hoja ya saratani ina msingi wa kitaalamu ambao Battey hakuwa nao. Hata hivyo, nayo ilipopimwa kwa hesabu, ilionekana kuwa na upungufu.

Mwaka 2009 zilichapishwa takwimu za wauguzi wa Marekani 29,380 waliotolewa kizazi na kufuatiliwa kwa miaka 24. Zaidi ya nusu yao walitolewa na ovari zote mbili. Ni kweli kwamba kundi hilo lilipata saratani ya ovari kwa nadra sana, na hata saratani ya matiti ilipungua kwao. Lakini walipata maradhi ya moyo zaidi, na kwa jumla walifariki zaidi kuliko wenzao walioachiwa ovari.

Miongoni mwa wanawake 13,035 walioachiwa ovari, waliofariki kwa saratani ya ovari katika miaka yote hiyo walikuwa 34. Idadi hiyo inastahili kutafakariwa. Ugonjwa uliokuwa ukiogopwa uliua wachache, ilhali moyo, ambao hakuna aliyeutaja siku ya kusaini fomu, uliua wengi zaidi.

Utafiti mkubwa zaidi ulitoka jimbo la Ontario, Canada, mwishoni mwa mwaka 2021, ukihusisha wanawake 200,549 waliotolewa kizazi kwa sababu zisizo za saratani. Faida yake kwetu ni kwamba uliwagawa kwa umri. Waliotolewa ovari zote mbili kabla ya miaka 45 walikuwa na hatari ya kufariki iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 31. Wa miaka 45 hadi 49, kundi la mama wetu, ilizidi kwa asilimia 16. Kwa wenye miaka 50 na kuendelea, ongezeko hilo halikuonekana.

Msomaji makini atauliza kama takwimu za Marekani na Canada zinamhusu mwanamke wa Pwani ya Tanzania. Swali hilo ni la haki. Wauguzi wale wengi wao walikuwa weupe, na utafiti wa aina hii hufuatilia tu bila kugawa watu kwa kura, hivyo hauwezi kuthibitisha kwa asilimia mia kwamba chanzo ni ovari. Lakini mifupa, mishipa na homoni hufanya kazi kwa kanuni zilezile Toronto na Kibaha, na shinikizo la damu na kisukari vimeshakuwa maradhi ya kawaida kwetu. Mwanamke mwenye shinikizo la damu tayari hana ziada ya afya ya moyo ya kuchezea.

Kukoma hedhi kwa siku moja

Hedhi inapokoma yenyewe, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, homoni hushuka polepole kwa miaka kadhaa na mwili hupata nafasi ya kuzoea. Ovari zikiondolewa kwa kisu, estrojeni hushuka ndani ya siku chache.

Mama aliyelala akiwa na hedhi huamka akiwa amekoma. Joto la ghafla, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukosa usingizi, mapigo ya moyo kwenda mbio, hasira au huzuni isiyo na sababu, ukavu na maumivu wakati wa tendo la ndoa: hayo yote huweza kumjia kwa pamoja na kwa ukali kuliko kwa wanawake wengine. Majirani husema karogwa au ana malaria isiyopona. Mume naye, asiyeelezwa chochote, hudhani amechukiwa.

Yasiyoonekana ni mazito zaidi. Mifupa hupungua uzito mapema. Watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani walionyesha mwaka 2006 kwamba wanawake waliotolewa ovari zote kabla ya miaka 45 walikuwa na vifo vingi zaidi, hasa wale ambao hawakupewa estrojeni ya kufidia, na mwaka 2007 wakaonyesha uhusiano na kupungua kwa kumbukumbu uzeeni.

Dawa ya kufidia ipo. Mwanamke asiye na kizazi huweza kutumia estrojeni peke yake, bila projesteroni, na kwa aliyetolewa ovari akiwa kijana wataalamu hupendekeza aitumie angalau hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi, takriban miaka 51, isipokuwa awe na kizuizi kama saratani ya matiti, historia ya damu kuganda kwenye mishipa, au ugonjwa mkali wa ini.

Wengi huiogopa dawa hiyo kwa sababu ya habari zilizoenea dunia nzima mwaka 2002, pale jaribio kubwa la Marekani la mchanganyiko wa estrojeni na projesteroni lilipositishwa kwa madhara ya moyo, kiharusi na saratani ya matiti. Tawi la jaribio hilo lililotumia estrojeni peke yake kwa wanawake wasio na kizazi nalo lilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya kiharusi, lakini halikuonyesha ongezeko la saratani ya matiti. Washiriki walikuwa na umri wa wastani wa miaka 63 hivi. Hali yao haifanani na ya mama wa miaka 46 aliyenyang'anywa homoni ghafla.

Swali gumu kwetu ni la duka la dawa. Dawa inayotakiwa kumezwa au kubandikwa kila siku kwa miaka mitano lazima ipatikane kila mwezi na kwa bei ambayo biashara ya mboga inaweza kuihimili. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hiyo ni sababu ya kuziacha ovari yenye nguvu zaidi hapa kuliko Toronto. Mwanamke anayeelezwa kuwa atapewa homoni baada ya upasuaji atume mtu akaulize dukani kabla ya kusaini, si baada ya kuruhusiwa.

Wanaopaswa kuziondoa

Wapo ambao kwao jibu ni tofauti kabisa. Mwenye saratani ya ovari, au ya kizazi ya aina inayohitaji hivyo, hana mjadala huu. Vivyo hivyo mwenye uvimbe wa kutiliwa shaka kwenye ovari zote mbili, au usaha uliokwisha kuziharibu. Mwenye endometriosisi kali, ugonjwa wa ukuta wa ndani wa kizazi kuota nje ya mahali pake, anaweza kushauriwa aziondoe ili maumivu yasirudi.

Kundi jingine ni la wenye saratani katika ukoo. Wanaorithi hitilafu katika vinasaba vinavyoitwa BRCA1 na BRCA2 wana hatari kubwa. Kwa wenye BRCA1, takriban wanawake 4 kati ya 10 hupata saratani ya ovari maishani, wakati kwa wanawake wote nchini Marekani ni pungufu ya wawili katika kila 100. Ndiyo sababu mwigizaji Angelina Jolie, ambaye mama yake mzazi alifariki kwa saratani hiyo, alitangaza mwaka 2015 kuwa ameondolewa ovari na mirija akiwa na miaka 39.

Kipimo cha vinasaba si cha kawaida katika hospitali zetu za mikoa, lakini maswali ya ukoo hayahitaji mashine. Je, mama, dada, shangazi au bibi aliugua saratani ya matiti kabla ya miaka 50, au saratani ya ovari? Ugumu ni kwamba katika familia nyingi aliyefariki zamani husemwa tu kuwa "alivimba tumbo". Inafaa kuwauliza wazee mapema, kwa subira, kabla ya siku ya kumwona daktari.

Kwa mwenye miaka 50 na kitu, aliyekwisha kukoma hedhi, faida na hasara hukaribiana, na uamuzi unaweza kwenda upande wowote kulingana na ukoo wake, moyo wake na mifupa yake.

Ipo pia njia ya kati: kuondoa mirija na kuacha ovari. Katika miaka ya karibuni imebainika kuwa aina hatari zaidi ya saratani inayoitwa ya ovari mara nyingi huanzia kwenye ncha za mirija. Mwaka 2010 madaktari wa jimbo la British Columbia, Canada, walianza kuhimizwa kuondoa mirija kila wanapotoa kizazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa kati ya wanawake zaidi ya 25,000 waliofanyiwa hivyo, hakuna aliyekuwa amepata aina hiyo ya saratani, wakati walitarajiwa takriban watano. Miaka ya ufuatiliaji bado ni michache, lakini kwa mama wa miaka 46 ambaye hatazaa tena, mirija haina kazi nyingine.

Kuziacha nako kuna gharama

Ovari hupata sehemu ya damu yake kupitia mishipa inayopita kwenye kizazi, na mishipa hiyo hukatwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa miaka minne baada ya kutolewa kizazi, wanawake asilimia 14.8 ovari zao zilikuwa zimekoma kufanya kazi, dhidi ya asilimia 8 ya wasiopasuliwa. Kwa hiyo kubaki nazo si hakikisho la miaka mingi.

Aidha, wachache hurudi kupasuliwa baadaye kwa sababu ya uvimbe au maumivu kwenye ovari. Katika takwimu za Mayo Clinic za mwaka 2013, waliorudi ndani ya miaka 30 walikuwa asilimia 9.2, lakini hata wanawake ambao hawakutolewa kizazi waliofika hatua hiyo walikuwa asilimia 7.3.

Wengine huuliza: kama ovari zipo na kizazi hakipo, mayai na damu vinakwenda wapi? Damu haikusanyiki tumboni, kwa sababu chanzo chake kilikuwa ukuta wa kizazi ambao umeondolewa. Yai ni dogo mno, nalo hunyonywa na mwili. Mwanamke huyo anaweza kuendelea kuhisi matiti kujaa au mhemko wa kila mwezi bila kuona hedhi.

Kabla ya kalamu kushikwa

Katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, Tumbi, au Mloganzila, au Muhimbili, mgonjwa ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka ni viungo gani vitaondolewa. Neno kizazi lisikubaliwe peke yake. Amwombe daktari achore kwenye karatasi na kuweka alama: mfuko, shingo, mirija, ovari ya kulia, ovari ya kushoto. Mchoro huo wa dakika mbili una faida kuliko maelezo ya nusu saa.

Aulize pia ovari zitaondolewa kwa sababu ipi iliyo kwake yeye, si kwa wanawake wa umri wake kwa jumla. Aseme mapema afanyiwe nini iwapo daktari atakuta tumboni jambo lisilotarajiwa, kwa mfano ovari iliyoshikamana na utumbo. Ovari moja ikiwa mbovu na nyingine nzima, iliyobaki hutosha kutoa homoni. Na mwenye kuridhia upasuaji wa mwanamke mtu mzima aliye na fahamu zake ni yeye mwenyewe. Mume, mama mkwe na wifi wanaweza kushauri na kuchangia gharama, lakini mwili ni wake.

Viungo vilivyotolewa vipelekwe maabara ya patholojia, na majibu yake yafuatiliwe hata kama jeraha limepona vizuri.

Walio wengi wanaosoma haya pengine walishapasuliwa miaka iliyopita na hawajui kilichobaki. Wanaweza kuanza na fomu ya kuruhusiwa au daftari la hospitali, ambamo upasuaji huandikwa, au kurudi hospitali walikopasuliwa na kuomba kumbukumbu zao. Visipopatikana, altrasaundi huweza kuonyesha ovari, ingawa zilizosinyaa kwa umri ni ngumu kuonekana, na kipimo cha damu cha homoni ya FSH hueleza kama bado zinafanya kazi. Aliyebainika kuwa alitolewa zote kabla ya miaka 45 amwambie daktari hivyo kila anapopimwa shinikizo la damu, sukari na mafuta mwilini, na aulize juu ya mifupa yake kabla haijavunjika.